Mtoto Mmoja, Miaka Kumi na Mmoja

Siku ya wageni kuondoka, ukumbi wa kanisa ulijaa tangu saa tatu asubuhi, na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alihutubia dakika ishirini na tano bila kumeza mate. Alishukuru mbingu, akashukuru ardhi, akawashukuru wale wageni sita mmoja mmoja kwa kuvuka bahari kuja kuwapimia watu macho bure wiki tatu nzima, kisha akarudi kuishukuru kamati, yaani yeye mwenyewe. Alipomaliza, Mkalimani alisimama, akakohoa kidogo, akawageukia wageni na kuwaambia kwa lugha yao: "Anawashukuru sana. Anawatakia safari njema." Akaketi.

Watu walicheka. Hata wasiojua lugha ile ya kigeni walijua hesabu: dakika ishirini na tano zimeingia, sentensi mbili zimetoka. Walikuwa wamemzoea. Kwa kawaida alikuwa karani wa ghala la mbao, na lugha ile aliipata kwa kufanya kazi miaka saba na wahandisi wa kigeni. Kinywa chake ni pasi, walisema. Maneno yanaingia na makunyanzi, yanatoka yamenyooka. Kwa wiki tatu hakuna mgeni aliyekwaruzana na mwenyeji, na sifa zote zilimwendea yeye.

Mkewe alikaa safu ya mbele. Zamani aliitwa mama fulani, kama mwanamke yeyote mwenye mtoto. Baada ya msiba, watu waliogopa kulitaja lile jina la mtoto, wakahamia kwenye kazi yake ya kushona. Mwaka wa pili huu anaitwa Fundi. Kando yake alikaa mgeni aliyelala nyumbani kwao, mama mtu mzima mwenye mvi, mpimaji wa macho, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani. Walikuwa wameshikana mikono kama watu waliosoma darasa moja, ingawa katika wiki tatu hakuna aliyeelewa zaidi ya maneno kumi ya mwenzake. Mengine yote yalipita kwa Mkalimani.

Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba kila mgeni sasa ataiaga familia iliyompokea, mbele ya watu wote. Mkalimani alihisi jasho likimshuka mgongoni. Jana yake alikuwa amemsihi mwenyekiti watu waagane majumbani kwao kimyakimya, akajibiwa kwamba ratiba imeshapigwa chapa.

Kosa lilianzia kwenye fomu. Kamati ilitaka nyumba za kuwapokea wageni, na ilitoa posho ya malazi. Ghala lilikuwa limepunguza siku za kazi, kwa hiyo Mkalimani alichukua fomu, akajaza jina, mtaa, vyumba, choo. Akafika penye idadi ya watoto, kalamu ikasimama. Mkono ulikataa kuandika sifuri, na hapo tusimlaumu, iko mikono mingi ingekataa. Akaandika: mmoja. Umri: kumi na mmoja. Binti yao alikuwa na miaka tisa alipogongwa na lori. Ile miwili aliiongeza yeye.

Mama Miwani alifika na boksi la penseli za rangi. Kabla hata ya kuvua viatu aliuliza, "Binti yuko wapi?" Fundi alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Mkalimani angeweza kusema kweli pale pale ikaisha, aibu kidogo, pole kidogo, chai. Lakini kinywa kilizoea kunyoosha.

"Ana haya," alijibu kwa lugha ya mgeni. "Akikuzoea atakuja mwenyewe kukusalimu."

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasifia mapazia."

Mgeni alipewa chumba cha nyuma. Ndicho kilichokuwa cha mtoto. Fundi alikifungua kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa msiba, akakifagia, akatandika kitanda. Picha zote za mtoto alikuwa ameshazifungia kwenye sanduku la bati juu ya kabati chumbani kwake, na ufunguo anao yeye.

Siku ya sita, mezani, Mama Miwani alitabasamu akasema, "Leo amekuja."

"Nani?"

"Binti yako. Nilipoamka alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Ana adabu sana, hasemi neno. Lile kovu la kidole gumba alilipataje? Mkasi?"

Ulikuwa mkasi kweli. Mkalimani alitazama chai yake mpaka ikatulia kikombeni. Kovu lile halikuwa kwenye picha yoyote.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasema amelala vizuri."

Mchana alitoroka kliniki, akarudi nyumbani, akaingia chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, ila kwenye ukingo, upande wa miguuni, palikuwa na kibonde kidogo, kiasi cha mtoto kukaa. Alikinyoosha kwa kiganja. Kesho yake kilikuwepo. Akakinyoosha tena. Keshokutwa hakuingia, alichungulia tu kwa tundu la ufunguo akaenda zake.

"Baba'ke," Fundi alimwambia jioni moja. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu wamzae mtoto, na hakuacha. "Nikishona mchana nasikia kitanda cha nyuma kinalia. Na mgeni yuko kazini."

"Panya."

"Panya gani mwenye uzito huo? Huyo tumwandikishe kwenye sensa."

Mkalimani alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Tangu siku hiyo Mama Miwani alimtaja binti karibu kila asubuhi: leo amekuja, leo hakuja, leo amecheza na penseli. Na kila asubuhi Fundi aliambiwa kwamba mgeni anasifia chai. Maskini, aliongeza majani.

Sasa na hili lisemwe wazi, maana ndilo lililomtoa jasho. Lori lilimgonga mtoto mchana kweupe, akivuka barabara kwenda kununua uzi aliotumwa na mama yake. Dereva alipiga honi. Watu waliona mtoto anageuza kichwa kwenye honi, kisha anaendelea kutembea moja kwa moja kama barabara ni tupu. Utundu, walisema. Ukaidi. Fundi hakusema utundu. Alisema, "Nilimtuma mimi." Alisema akifua, alisema akipika, alisema katikati ya kupima mteja kiuno. Na kila aliposema, mumewe alimjibu, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Ila mwezi mmoja kabla ya lori, mwalimu wa darasa alikuwa amempa mtoto barua ya nyumbani. Mtoto haoni ubaoni, iliandikwa. Nimemkalisha mbele na bado haoni. Tafadhali apimwe macho. Mkalimani aliisoma peke yake mlangoni. Akaona ni kisingizio cha alama mbaya, akampiga mtoto makofi mawili ya uvivu, akaiweka barua mfukoni. Mkewe hakumwambia. Baada ya mazishi aliichoma jikoni. Na kwa wiki tatu hizi alikuwa amekaa kando ya Mama Miwani, kliniki, akiwauliza watoto wa watu kutwa nzima: unaona herufi gani, na sasa, na sasa?

Zamu ya Mama Miwani ilifika. Alisimama bila kuuachia mkono wa Fundi, akamvuta naye asimame. Aliongea polepole kwa lugha yake, akimtazama Mkalimani kila baada ya sentensi, kama walivyozoea.

"Nawashukuru hawa marafiki zangu," alisema, "na namshukuru binti yao. Nadhani wengi mnajua alivyo na haya, hata leo hakuja hapa. Juzi nilimpima macho, pale pale kitandani. Mtoto hahitaji kusema kitu, unammulika tu, jicho linajibu lenyewe. Haoni vizuri kitu chochote kilicho mbali kuliko mkono wake. Nimemtengenezea miwani na leo asubuhi nimemvisha. Nawaomba wazazi wake, asivuke barabara peke yake mpaka aizoee. Kwa macho yale aliyokuwa nayo, hata lori asingeliona."

Ukumbi ulimngoja Mkalimani. Akakohoa kidogo, akasema, "Anashukuru kwa chumba na kwa chai. Mungu aibariki nyumba hii."

Watu walipiga makofi. Fundi alitabasamu, akamfinya mgeni mkono.

Nyuma ya ukumbi mwanamke mwembamba alisimama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapo mtaani, na mojawapo ya masomo aliyofundisha lilikuwa lugha ile ile. "Sivyo alivyosema," alisema.

"Mwalimu, keti tafadhali," mwenyekiti alisema. "Tunafuata ratiba."

"Ratiba iningoje. Sivyo alivyosema huyu mama." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa hasira.

Fundi alimgeukia mumewe. "Baba'ke, amesema nini?"

"Nimeshatafsiri."

"Rudia kama alivyosema yeye. Usininyooshee."

Akarudia. Alianza na shukrani, akafika kwenye binti, akaendelea, maana wakati mwingine ulimi ukishateleza ni heri uteleze mpaka chini. Alisema kupimwa kitandani, alisema macho, alisema miwani ya leo asubuhi. Alipofika kwenye lori sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba hata waliokuwa mlangoni walisikia. Mama mmoja alimpakata mwanawe akatoka nje. Mzee mmoja alisema kwamba ni jua, wageni hawa jua linawaingia kichwani.

Fundi hakulia. Alimtazama mwalimu. "Wewe ulikuwa unamfundisha. Ulijua kwamba haoni?"

"Nilimwandikia baba yake barua," mwalimu alisema. "Aliponyamaza nilidhani mmekwama kwa gharama. Niliona aibu kuuliza tena. Nisamehe, mama."

"Uliipata?" Fundi alimuuliza mumewe.

"Niliipata."

"Lini?"

"Mwezi mmoja kabla."

"Na miaka miwili nasema nilimtuma mimi, nilimtuma mimi, na wewe unasikia."

"Nasikia."

Yote haya yalisemwa kwa sauti ya watu wanaoulizana kama chumvi imekwisha. Mama Miwani alikuwa anatazama huku na huku, uso umembadilika. "Nimekosea?" alimuuliza Mkalimani. "Nimesema kitu kibaya?"

Fundi alielewa swali bila kutafsiriwa. "Usimwambie," alisema. "Akijua ataondoka na hofu, na hajafanya baya lolote. Mwanangu amepata rafiki mmoja, usimwambie rafiki yake."

Basi la wageni lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa kanisa, injini inanguruma, mizigo juu. Wageni wengine waliagana kwa kukumbatiana na kupigana picha. Kuwazunguka Fundi na Mama Miwani palibaki nafasi tupu, watu wamerudi nyuma hatua tano, sita. Mkalimani peke yake alisimama katikati yao, kwa sababu hakuna kazi nyingine aliyokuwa nayo pale.

"Muulize, amekonda?" Fundi alisema.

Aliuliza. "Anasema hapana. Ana mashavu."

"Anavaa nini?"

"Gauni la njano lenye mfuko mmoja. Mfuko wa pili umeng'oka."

Fundi alifumba macho kidogo. Gauni lile alilishona mwenyewe, na wao ndio waliomzika nalo. "Anafanya nini akija?"

Mama Miwani alifurahi kuulizwa. Alieleza kirefu, akionyesha kwa mikono, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Mkalimani alitafsiri kila kitu, neno kwa neno. "Anasikiliza cherehani yako. Ukishona anayumbisha miguu. Ukisimamisha, naye anasimama, anangoja. Ukianza tena anaanza."

"Muulize kwa nini basi asije kwangu. Mlango ni ule ule. Mimi niko hatua nane."

Mkalimani aligeuka kulitazama basi.

"Muulize, nimesema."

Akauliza. Mama Miwani alikunja uso, akasita, akamtazama Mkalimani kana kwamba anamwomba radhi mapema. Akasema maneno machache.

"Neno kwa neno," Fundi alisema.

"Anasema alimwelekeza mara nyingi aende kwako. Mtoto anatikisa kichwa. Anaonyesha mezani." Alijigusa kifua. "Anaonyesha kiti changu."

Dereva alipiga honi, na Fundi akaruka, mwili mzima, kama anavyoruka kwa kila honi tangu siku ile. Halafu alimkumbatia Mama Miwani kwa nguvu zake zote, mgeni akaanza kulia, akacheka, akalia tena, akisema neno la kwetu alilolimudu kuliko mengine, tutaonana, tutaonana. Fundi alimsindikiza hadi mlangoni mwa basi, akampangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Basi likatoka. Hakungoja vumbi litulie. Aligeuka akashika njia ya nyumbani, anatembea kwa kasi, karibu akimbie, na watu walimpisha.

Mkalimani alitaka kumfuata, mwenyekiti akamshika mkono. Alimweleza kwamba ametia kamati aibu mbele ya wageni, kwamba fomu ni waraka rasmi, mtu haandiki marehemu kwenye waraka rasmi, na kuhusu posho ya wiki ya mwisho itabidi kikao kikae. Mkalimani aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwenyekiti alipoishiwa alimtazama machoni, akaushusha mkono, akamwambia pole. Hiyo pole ndiyo iliyomuuma.

Alifika nyumbani alasiri. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka katikati ya sebule. Mezani kulikuwa na sahani moja iliyofunikwa. Mahali pa cherehani palikuwa patupu, alama nne za miguu yake sakafuni na mkwaruzo mrefu unaoelekea chumba cha nyuma. Mashine ile ni nzito, ilihamishwa na wanaume wawili siku waliyoinunua.

Ilikuwa inalia huko ndani. Alisogea. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Cherehani ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaanza tena, ikasimama, kama mtu anayecheza na mtoto. Fundi alicheka. Mkalimani hakuwa amesikia kicheko kile kwa miaka miwili, na nywele zilimsimama shingoni.

Aligonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Ngoja." Halafu akamsikia akisema kwa sauti ya chini, upande mwingine kabisa wa chumba: "Ni baba yako. Yuko mlangoni."

Kitanda kililia, mara moja.

"Mama'ke, fungua."

"Hataki nifungue."

Alikaa chini, mgongo kwenye mlango, yeye karani mzima na suruali yake ya kanisani. Alikuwa ametafsiri kwa ajili ya mamia ya watu, wazima na wagonjwa, na sasa hakuwa na sentensi hata moja. "Mwambie naomba anisamehe," alisema mwishowe. "Mwambie barua niliisoma. Mwambie nilimpiga kwa kitu ambacho hakikuwa kosa lake."

"Anakusikia. Hana haja ya kuambiwa."

Alingoja. Ndani hapakuwa na sauti ya mtoto, alikuwa radhi kuapa kwa hilo, sikio lake lilikuwa limegandamana na mbao. Alimsikia mkewe tu, akiitikia kwa mbali, kama anavyoitikia mtu anayesimuliwa jambo refu. Ehe. Ehe. Lini? Ehe. Mara moja alisema, maskini mwanangu. Mara moja alivuta pumzi kwa kushtuka. Jua liliondoka katikati ya sebule, likafika mguu wa meza, likaanza kuupanda, na bado Fundi alikuwa anaitikia.

Kisha akanyamaza.

"Amesemaje?" Mkalimani aliuliza.

"Anasema uende ukale."

Aligeuka, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili mlangoni. "Mama'ke, tafadhali. Neno kwa neno."

"Ni hayo tu," Fundi alijibu, na cherehani ikaanza.